Alfred Nobel: Kimiminika kilichomuua nduguye kikamrudia kama dawa

KILA ifikapo Desemba 10, macho ya ulimwengu huelekezwa katika miji miwili ya kaskazini mwa Ulaya, Stockholm na Oslo, ambako washindi wa Tuzo za Nobel hukabidhiwa nishani zao. Ni katika siku kama hiyo, mwaka wa 2004, ambapo marehemu Profesa Wangari Maathai alisimama jijini Oslo na kuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kupokea Tuzo ya Amani.

Tarehe hiyo haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Ndiyo siku aliyofariki Alfred Nobel, mwanakemia wa Uswidi aliyetajirika kutokana na vilipuzi, kisha akaagiza utajiri wake utumiwe kuwatunza wale ambao kazi zao zimewafaa binadamu.

Habari za dinamiti na za tuzo hizo zinajulikana na wengi. Lisilojulikana sana ni kwamba majuma machache kabla ya kuaga dunia, madaktari walimwandikia Nobel dawa ya moyo ambayo ilikuwa ni nitrogliserini, kimiminika kilekile kilichomjengea jina na ambacho kilikuwa kimemuua ndugu yake. Ilichukua miaka mingi baada ya kifo chake kwa wanasayansi kueleza ni kwa nini kitu kinachopasua miamba kinaweza pia kuutuliza moyo, na jibu walilolipata limefungua njia mpya ya kutibu majeraha.

Alfred Bernhard Nobel alizaliwa jijini Stockholm mnamo Oktoba 21, 1833. Babake, Immanuel Nobel, alikuwa mhandisi na mvumbuzi mwenye fikra nyingi lakini asiyekuwa na bahati katika biashara. Katika kipindi hicho hicho cha kuzaliwa kwa Alfred, mzee huyo alifilisika, na mnamo 1837 akaiacha familia nyuma na kwenda kutafuta riziki ng'ambo, kwanza Finland na hatimaye jijini St Petersburg nchini Urusi.

Mamake, Andriette, alibaki Stockholm akiwalea watoto katika umaskini. Alfred alikuwa mtoto dhaifu, mwenye kuugua mara kwa mara. Mnamo 1842, baada ya kiwanda cha babake kuanza kupata faida kwa kulitengenezea jeshi la Urusi silaha na mitambo, familia yote ilihamia St Petersburg.

Huko Alfred na ndugu zake walifunzwa nyumbani na walimu wa kuajiriwa. Alipofikisha umri wa miaka 17, alikuwa anazimudu lugha tano: Kiswidi, Kirusi, Kifaransa, Kiingereza na Kijerumani. Alipenda mashairi kiasi kwamba babake aliingiwa na hofu kuwa kijana huyo angeiacha kazi ya familia, akaamua kumpeleka ng'ambo ajifunze kemia.

Ni jijini Paris, katika maabara ya mwanakemia Théophile-Jules Pelouze, ambapo Nobel alikutana na kazi ya Ascanio Sobrero, Mwitaliano aliyekuwa ametengeneza nitrogliserini kwa mara ya kwanza mnamo 1847. Sobrero aliiogopa mno kazi ya mikono yake mwenyewe. Kimiminika hicho, kinachofanana na mafuta, kililipuka pasipo kutabirika, kwa joto au kwa kutikiswa tu, na aliona kwamba hakifai kwa matumizi yoyote ya kawaida.

Hata hivyo, Sobrero aligundua jambo jingine. Alipokionja kwa kukigusisha ulimi, alishikwa na maumivu makali ya kichwa. Wakati huo hakuna aliyeweza kueleza sababu, na jambo hilo likabaki kuwa kioja cha maabara.

Vita vya Crimea vilipomalizika mnamo 1856, serikali ya Urusi iliacha kununua bidhaa za Immanuel Nobel, na mnamo 1859 mzee huyo akafilisika kwa mara ya pili. Alirejea Uswidi pamoja na mkewe na kitinda mimba wao, Emil. Alfred alimfuata babake mnamo 1863, na wote wakazama katika kazi moja: kutafuta namna ya kuifanya nitrogliserini ilipuke pale tu binadamu anapotaka.

Mwaka huo huo Alfred alivumbua kiwashio, kifaa kidogo kilichobeba baruti ya kawaida ambayo mlipuko wake mdogo ulichochea mlipuko mkubwa wa nitrogliserini. Ilikuwa nusu ya ufumbuzi, kwa kuwa sasa iliwezekana kuilipua kwa makusudi. Nusu ya pili, yaani kuizuia isilipuke kabla ya wakati, ilikuwa bado haijapatikana.

Bei ya upungufu huo ililipwa na familia yenyewe. Mnamo Septemba 3, 1864, karakana yao iliyokuwa Heleneborg, jijini Stockholm, ililipuka na kuwaua watu watano. Mmoja wao alikuwa Emil, aliyekuwa na umri wa miaka 20. Muda mfupi baadaye Immanuel alipatwa na kiharusi ambacho hakupona kikamilifu, na alifariki mnamo Septemba 3, 1872, miaka minane kamili baada ya kumpoteza mwanawe.

Wakuu wa jiji walipiga marufuku kazi hiyo ndani ya Stockholm. Mtu mwingine huenda angeiacha kabisa. Alfred hakuiacha. Alihamishia shughuli zake kwenye mashua kubwa iliyotia nanga katika Ziwa Mälaren, mbali na makazi ya watu, na kabla ya mwaka huo kwisha tayari alikuwa ameunda kampuni ya kuuza nitrogliserini.

Wanunuzi hawakukosekana. Ulimwengu ulikuwa unajenga reli, unachimba migodi na kutoboa milima, na baruti ya zamani haikutosha kwa kazi hiyo. Lakini kimiminika hicho kilisafirishwa katika mikebe na chupa, mara nyingi kikishughulikiwa na watu wasiojua ni kitu gani wanachobeba. Mnamo Aprili 1866 meli iliyokuwa bandarini Panama ililipuka na kuua makumi ya watu, na mwezi huo huo mlipuko mwingine ukaua watu mjini San Francisco, Marekani. Baadaye mwaka huo, kiwanda cha Nobel mwenyewe kilichokuwa Krümmel, karibu na Hamburg nchini Ujerumani, kiliharibiwa na mlipuko.

Nobel alitambua kwamba kosa halikuwa katika nguvu ya nitrogliserini bali katika umajimaji wake. Kimiminika huvuja, humwagika na hutikisika. Akaanza kutafuta kitu kikavu ambacho kingekinywa kimiminika hicho na kukishikilia. Alijaribu vumbi la mbao, makaa, saruji na unga wa matofali, lakini hakuna kilichomridhisha.

Jibu lilipatikana ardhini, kaskazini mwa Ujerumani, katika udongo mwepesi ambao Wajerumani huuita Kieselguhr. Udongo huo, unaojulikana pia kama daiatomaiti, si mgeni nchini Kenya. Ndio ule mweupe unaochimbwa Kariandusi, karibu na Ziwa Elementaita katika Bonde la Ufa.

Udongo huo ni mabaki ya viumbe wadogo mno wa majini, jamii ya mwani, wanaojijengea magamba ya silika. Wanapokufa, magamba hayo huzama na kurundikana chini ya ziwa au bahari kwa maelfu ya miaka. Kila gamba limetobolewa vitundu visivyoonekana kwa macho, hivi kwamba rundo lake linaweza kunywa kimiminika chenye uzani mara tatu ya uzani wake na bado likaonekana kavu.

Nobel alichanganya sehemu tatu za nitrogliserini na sehemu moja ya udongo huo. Alichokipata ni kitu kama unga uliokandwa, ambacho kiliweza kufinyangwa, kukatwa na kufungwa ndani ya karatasi katika umbo la kijiti. Kiliweza kuanguka bila kulipuka. Kilisubiri hadi kiamshwe na kiwashio. Mnamo 1867 alikiandikisha kama uvumbuzi wake na kukiita dinamiti, jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nguvu.

Siri ya uvumbuzi huo haikuwa kuipunguza makali nitrogliserini. Kila tone lilibaki na uwezo wake wote. Kilichobadilika ni makao yake: badala ya kuwa pamoja katika chupa moja, matone yaligawanywa katika mamilioni ya vyumba vidogo ambamo yalitulia hadi yalipohitajika.

Dinamiti ilimfanya Nobel kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa zama zake. Ilitumiwa kutoboa njia ya reli ya St Gotthard chini ya milima ya Alps nchini Uswisi, kazi iliyoanza mnamo 1872 na kukamilika mnamo 1882. Viwanda vyake vilienea katika nchi nyingi, naye akawa mtu wa safari zisizokwisha, akiishi Paris na kufanya kazi popote alipokuwa na maabara. Hakuoa wala hakupata watoto.

Hata hivyo, udongo ule ulikuwa na dosari zake. Ulichukua robo ya uzani wa dinamiti ilhali wenyewe haukulipuka, na katika maji nitrogliserini iliweza kujipenyeza nje. Inasimuliwa kwamba mnamo 1875 Nobel alijikata kidole akiwa kazini, akakipaka kolodioni, utomvu mzito ambao ulitumiwa na waganga wa wakati huo kufunika majeraha madogo kwa utando mwembamba. Usiku huo, maumivu yakimnyima usingizi, alipata wazo la kuchanganya utomvu huo na nitrogliserini. Alipojaribu alipata kilipuzi kama jeli, chenye nguvu kuliko dinamiti na kisichoharibiwa na maji. Kitu kilichotengenezewa majeraha kilikuwa kimezaa kilipuzi kipya. Safari ya kurudi upande wa pili ilikuwa bado.

Wakati huo huo, katika viwanda vya vilipuzi, wafanyakazi walikuwa wanalalamikia jambo ambalo Sobrero alilijua tangu mwanzo. Waliporejea kazini siku ya Jumatatu baada ya mapumziko, waliumwa vichwa vikali, na kadiri juma lilivyosonga maumivu yakapungua, hadi Jumatatu iliyofuata. Nobel mwenyewe aliteswa na maumivu hayo kwa miaka mingi.

Madaktari walianza kushuku kwamba nitrogliserini ilikuwa inaipanua mishipa ya damu. Mnamo 1879, daktari William Murrell wa London alichapisha ripoti iliyoonyesha kwamba kiasi kidogo sana cha kimiminika hicho kiliwatuliza wagonjwa waliobanwa kifua kwa sababu ya moyo kukosa damu ya kutosha. Wafamasia walianza kukiuza kwa jina la trinitrini ili wateja wasiogope kwamba wanameza kilipuzi.

Maisha ya Nobel yalikuwa yanaelekea machweo. Mnamo 1888 kakake Ludvig alifariki mjini Cannes, na inasimuliwa kwamba gazeti moja la Ufaransa lilidhani aliyekufa ni Alfred, likachapisha tanzia iliyomlaumu kwa kutajirika kutokana na vifo vya watu. Iwe habari hiyo ndiyo iliyomgusa au la, lawama yenyewe haikuwa ngeni kwake. Mnamo 1880 waasi walikuwa wamelipua dinamiti katika ikulu ya mfalme wa Urusi jijini St Petersburg, mji uleule alikolelewa, na kuwaua askari walinzi. Mnamo 1887 yeye mwenyewe alivumbua balistiti, baruti isiyotoa moshi mwingi, iliyokuwa moja kwa moja ya bunduki na mizinga.

Aliamini kwamba silaha zikiwa za kutisha vya kutosha, mataifa yaliyostaarabika yangeogopa kupigana. Rafiki yake Bertha von Suttner, mwandishi kutoka Austria aliyemfanyia kazi kwa siku chache mnamo 1876 kabla ya kuwa mwanaharakati wa amani, hakukubaliana naye. Vita Vikuu viwili vya karne iliyofuata vilionyesha ni nani kati yao aliyeona mbali. Bertha alitunukiwa Tuzo ya Amani mnamo 1905.

Mnamo 1891, kufuatia mzozo na serikali ya Ufaransa kuhusu balistiti, Nobel alihamia San Remo nchini Italia. Moyo wake ulikuwa umeanza kumsumbua. Mnamo Novemba 27, 1895, akiwa Paris, alitia saini wosia alioundika kwa mkono wake bila kumshirikisha wakili. Humo aliagiza sehemu kubwa ya mali yake iwekezwe, na faida yake itolewe kila mwaka kwa waliowafaa binadamu zaidi katika fizikia, kemia, tiba, fasihi na amani, bila kujali uraia wao.

Mnamo Oktoba 1896 alikuwa tena Paris kushauriana na madaktari wa moyo. Ni wao waliomwandikia nitrogliserini ya kumeza. Katika barua aliyomtumia msaidizi wake kijana, Ragnar Sohlman, mnamo Oktoba 25, alilitaja jambo hilo kama kejeli ya majaliwa, na hakukosa kueleza kwamba jina la dawa lilikuwa limebadilishwa ili kuwaondolea watu hofu. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, lakini ni wachache waliowahi kuuona ukweli huo ukiandikwa kwenye cheti chao cha daktari.

Alfred Nobel alifariki San Remo mnamo Desemba 10, 1896, kutokana na kuvuja damu ubongoni. Alikuwa na umri wa miaka 63, na waliokuwa karibu naye ni watumishi. Aliacha hataza 355 na mali ya zaidi ya kronor milioni 31 za Uswidi.

Wosia wake ulizua mtafaruku. Baadhi ya jamaa waliupinga, na ikabidi Sohlman, aliyekuwa mmoja wa wasimamizi wa wosia, aondoe hati za thamani kutoka benki za Paris kwa gari la farasi huku akiwa na bastola. Ilichukua miaka kadhaa kabla ya Wakfu wa Nobel kuundwa mnamo 1900, na tuzo za kwanza kutolewa mnamo 1901.

Fumbo la kimiminika hicho lilibaki. Kwa miongo mingi madaktari waliendelea kuwapa wagonjwa nitrogliserini wakijua kwamba inafaa lakini wasijue kwa nini. Mnamo 1977 Ferid Murad, mtafiti wa Marekani, alionyesha kwamba nitrogliserini na dawa za jamii yake hufanya kazi kwa kutoa gesi ya nitriki oksidi, inayoilegeza misuli ya mishipa ya damu. Baadaye Robert Furchgott na Louis Ignarro wakatambua kwamba mwili wa binadamu wenyewe huitengeneza gesi hiyo ili mishipa yake ipanuke. Mnamo 1998 watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Fedha zilizotokana na nitrogliserini zikawa zimewatuza walioifumbua siri ya nitrogliserini.

Kazi ya gesi hiyo haiishii moyoni. Mtu anapopata jeraha, mwili hutoa nitriki oksidi ambayo husaidia kuua bakteria, kuleta damu zaidi mahali palipoumia na kuchochea kukua kwa nyama mpya. Katika vidonda vya wagonjwa wa kisukari, ambavyo huweza kukaa miezi bila kupona, gesi hiyo huwa haitoshi.

Basi kwa nini jeraha lisipulizwe gesi hiyo tu? Tatizo ni lilelile lililomsumbua Nobel: kitu chenye nguvu kisicho na makao. Nitriki oksidi hudumu mwilini kwa sekunde chache tu, na ikizidi huwa sumu. Inatakiwa ifike palipo na kidonda, kwa kiasi kidogo, polepole, kwa muda mrefu.

Hapo ndipo vitundu vinarejea tena. Katika Chuo Kikuu cha St Andrews nchini Scotland na kwingineko, wanasayansi wametumia miongo miwili iliyopita kuihifadhi gesi hiyo ndani ya madini ya zeolaiti, na ndani ya mada mpya zilizojengwa kwa atomi za metali zikiwa nguzo na molekuli za kaboni zikiwa boriti. Mada hizo zina uwazi mwingi ndani kiasi kwamba eneo la kuta zote za vyumba vya gramu chache tu linaweza kulingana na uwanja wa kandanda.

Gesi hushikamana na metali iliyo katika kuta hizo na kutulia humo, ilmradi pawe pakavu. Mada hiyo inapowekwa katika bandeji na kugusana na unyevu wa jeraha, molekuli za maji huchukua nafasi ya gesi, nayo hutoka kidogo kidogo na kufika penye kidonda. Kazi kubwa ingali katika maabara na majaribio, kwani ni sharti ithibitike kwamba metali zinazotumika hazitamdhuru mgonjwa.

Mnamo 2025 waasisi wa mada hizo za metali na kaboni, Susumu Kitagawa wa Japani, Richard Robson wa Australia na Omar Yaghi wa Marekani, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Kwa hivyo tuzo mbili, ya 1998 kwa gesi na ya 2025 kwa vyumba vya kuihifadhi, zimelipwa na faida ya mali iliyoachwa na mtu aliyejenga utajiri wake kwa kimiminika na udongo. Emil hakuuona udongo ule. Ulichelewa kwa miaka miwili au mitatu. Bali mgonjwa ambaye siku moja kidonda chake kitafungwa kwa bandeji ya aina hiyo atakuwa amefaidika na somo ambalo familia ya Nobel ililijua kwa uchungu kuliko yeyote: kitu chenye nguvu huua au huponya kulingana na kiasi chake na mahali kilipowekwa.